Shule Nzuri ni Ipi? Kisa cha Vitabu vya Island Trees

Hapa New Jersey baridi imeshaanza kubisha hodi na sisi wengine tunatafuta makoti tuliyoyatupa makabatini tangu mwezi wa nne. Naomba leo niwaletee habari ya zamani kidogo, lakini inayotuhusu sote tulio na watoto katika shule za nchi hii.

Familia mpya inapofika kutoka nyumbani, swali la kwanza baada ya kazi huwa ni la shule. Utalisikia harusini, utalisikia kwenye hitma, utalisikia kwenye baraza za Jumapili: "Huko mlikohamia shule ikoje?" Na jibu huwa neno moja tu: "Nzuri." Ukiuliza uzuri wake ni upi, utaambiwa matokeo ya mitihani yako juu, hakuna fujo, na nyumba za mtaa ule ni ghali. Kwa jibu hilo mtu huacha chumba chake cha bei nafuu mjini, akaingia kwenye mkopo wa miaka thelathini, akaongeza zamu ya usiku, akabeba boksi mpaka mgongo ukalia, ili mwanawe asome haiskuli ya kitongoji cha nje ya mji. Mimi ni mmoja wao, na sijuti.

Lakini miaka michache iliyopita binti yangu aliniletea karatasi kutoka shule. Ilimtaka mzazi aseme kama anakubali au hakubali mtoto wake asome kitabu fulani darasani. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka kazini, viatu bado viko miguuni. Nikaomba kalamu, nikaweka alama kwenye kisanduku, nikatia sahihi, nikamrudishia. Akaitazama, akaniambia kwa adabu, "Baba, umekataa."

"Nimekataa nini?"

"Kitabu. Umeweka alama kwenye 'sikubali'. Umekisoma lakini?"

Sikuwa nimekisoma. Hata jina lake sikulitazama. Na badala ya kuomba karatasi nyingine nikasema kile ambacho baba wengi wa kwetu husema: "Basi, ndiyo hivyo." Kwa wiki tatu mtoto wangu alikaa maktaba peke yake huku wenzake wakikijadili kitabu hicho, kwa sababu ya kalamu yangu.

Baadaye darasa lao lilipotakiwa kuandika insha ya historia, alichagua kisa cha shule moja ya Long Island, na kabla ya kumpa mwalimu akanipa mimi nisome. Nilijua kwa nini alinipa. Tangu hapo nimekuwa nikikifuatilia kisa hicho mwenyewe, na ndicho ninachotaka kuwasimulia.

Mashamba ya viazi yaliyogeuka mji

Levittown iko katika kaunti ya Nassau, kama maili thelathini mashariki ya Manhattan. Kabla ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa mashamba ya viazi, na mahali penyewe paliitwa Island Trees. Mwaka 1947 kampuni ya Levitt and Sons ilianza kujenga nyumba hapo kwa mtindo mpya: nyumba zote karibu sawa, na kila kikundi cha mafundi kina kazi yake moja, hawa wanamwaga zege, wale wanapaka rangi, wakihama kutoka nyumba hadi nyumba. Familia za kwanza ziliingia Oktoba 1947. Kufikia 1951 nyumba zilikuwa zimezidi 17,000. Waliohamia wengi walikuwa askari waliorudi vitani, wenye wake vijana na watoto wachanga, waliosaidiwa na mikopo yenye dhamana ya serikali.

Lakini si kila askari. Mikataba ya mwanzo ya kampuni ilikuwa na kifungu kinachokataza nyumba kutumiwa na mtu asiye wa asili ya Kizungu, isipokuwa awe mtumishi wa ndani. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kwamba mahakama za nchi haziwezi kusimamia vifungu vya namna hiyo. Kifungu kikaondolewa, ila kampuni ikaendelea kuwakataa watu weusi. Kwa hiyo mtu mweusi aliyepigana vita ileile hakupata nyumba ile, na mwanawe hakupata shule iliyoandamana nayo.

Hapa ni lazima tuelewane, kwa sababu wengi wetu tulikuja tukidhani shule za umma Marekani huendeshwa kutoka Washington kama zetu zilivyoendeshwa kutoka wizarani. Sivyo. Nchi imegawanywa katika wilaya za shule, maelfu kwa maelfu, na wilaya moja inaweza kuwa na mitaa michache tu. Sehemu kubwa ya fedha hutokana na kodi ya nyumba na ardhi za wilaya hiyo. Juu ya wilaya inakaa bodi, kwa kawaida ya wakazi waliochaguliwa na wakazi wenzao: fundi bomba, mama wa nyumbani, karani wa bima. Katika vitongoji vya jimbo la New York wakazi hupigia kura hata bajeti ya shule.

Mpaka wa wilaya basi ni kitu kizito. Mwaka 1974, katika kesi iliyotoka Detroit, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba wilaya za vitongoji haziwezi kulazimishwa kuchanganya wanafunzi wao na wa mjini bila ushahidi kwamba vitongoji vyenyewe vilivunja sheria. Ukiwa ndani ya mpaka una shule. Ukiwa nje, tafuta nyumba ya ndani. Maoni ya wazazi kuhusu shule yakawa ndiyo bei ya nyumba, na bei ya nyumba ikawa ndiyo maoni yao.

Levittown yenyewe iligawanyika katika wilaya kadhaa za shule, na mojawapo ilibaki na lile jina la kale, Island Trees.

Orodha

Mwezi Septemba 1975 wajumbe watatu wa bodi ya Island Trees, akiwemo mwenyekiti, walihudhuria mkutano wa chama kimoja cha wazazi wa jimbo la New York, chenye msimamo wa kihafidhina. Huko walipewa orodha za vitabu vilivyosemekana kuwa havifai kwa watoto. Usiku mmoja wa Novemba, wakati wa shughuli iliyofanyika shuleni, wajumbe wa bodi waliingia maktaba ya sekondari wakapekua visanduku vya kadi za katalogi. Wakakuta vitabu tisa vya kwenye orodha. Baadaye kikaonekana kingine katika maktaba ya shule ya kati, na kingine katika somo la fasihi la mwaka wa mwisho. Jumla kumi na moja.

Februari 1976 bodi iliagiza, bila tangazo, vitabu hivyo viondolewe rafuni na vipelekwe ofisi ya bodi ili wajumbe wavisome. Mkuu wa elimu wa wilaya hiyo alipinga. Aliwakumbusha kwamba utaratibu wao wenyewe ulikwishawekwa: kukitokea malalamiko juu ya kitabu, huundwa kamati ya kukipitia kwanza. Hakusikilizwa. Habari zilipotoka magazetini, bodi ilitoa taarifa ikisema vitabu hivyo vinaipinga Marekani, vinaupinga Ukristo, vinawachukia Wayahudi, na ni vichafu tu.

Ni vitabu gani hivyo? Vilikuwemo Slaughterhouse-Five cha Kurt Vonnegut, Soul on Ice cha Eldridge Cleaver, Down These Mean Streets cha Piri Thomas, The Naked Ape cha Desmond Morris na Go Ask Alice. Vilikuwemo pia viwili vilivyowahi kupata tuzo ya Pulitzer: Laughing Boy cha Oliver La Farge, na The Fixer cha Bernard Malamud, ambacho mhusika wake ni Myahudi aliyesingiziwa mauaji huko Urusi. Kulikuwa na mkusanyiko wa hadithi fupi za waandishi weusi uliohaririwa na Langston Hughes, yule Hughes aliyefika Makerere mwaka 1962 kukutana na waandishi vijana wa Afrika, akiwemo Ngũgĩ wa Thiong'o. Na kulikuwa na kitabu cha Alice Childress kuhusu kijana mweusi aliyenaswa na dawa za kulevya. Wajumbe wawili wa bodi walieleza kwamba hicho kinaipinga Marekani kwa kuwa kinasema George Washington alimiliki watumwa. Naye kweli alimiliki.

Mimi nilisimama kwenye kimoja, Black Boy cha Richard Wright, kilichotoka mwaka 1945. Humo Wright anasimulia maisha yake Kusini mwa Marekani. Akiwa kijana mjini Memphis alitamani kusoma, lakini maktaba ya mji haikumwazima vitabu mtu mweusi. Basi akamwomba mzungu mmoja wa kazini kwake amwazime kadi yake ya maktaba, akaandika kikaratasi kana kwamba ametumwa na mwenye kadi, akamkabidhi mkutubi huku moyo unamdunda. Hivyo ndivyo alivyopata vitabu vyake vya mwanzo. Miaka zaidi ya thelathini baada ya kuchapwa, kitabu cha kijana aliyenyimwa maktaba kikatolewa maktaba, tena katika mji ambao ulianza kwa kuwafungia milango watu wa rangi yake.

Wazazi hawakuwa kauli moja

Tukisimulia mambo haya huwa rahisi kusema "wazazi walitaka hivi" na "wanafunzi walitaka vile". Island Trees haikuwa hivyo. Makelele yalipozidi, bodi ilikubali kuunda kamati ya watu wanane: wazazi wanne na watumishi wanne wa shule. Walivisoma vitabu. Baada ya kusoma wakapendekeza vitano virudishwe, viwili viondolewe kabisa, na kimoja kitolewe kwa ruhusa ya mzazi. Vilivyobaki hawakuafikiana au hawakutoa msimamo. Hiyo ndiyo kazi ya watu wazima waliokaa pamoja na kutofautiana bila kugombana.

Mwezi Julai 1976 bodi iliyaweka kando mapendekezo mengi ya kamati yake yenyewe. Kitabu kimoja, Laughing Boy, kilirudi bila masharti. Black Boy kikaruhusiwa kwa kibali cha mzazi. Tisa vikabaki nje, na bodi haikutoa sababu za kuikataa kamati.

Nisiwe mnafiki. Nilipozisoma baadhi ya kurasa zilizolalamikiwa nilikunja uso. Kuna maneno ambayo nisingependa binti yangu ayasome mbele yangu, na wengi wenu, kwa dini na kwa malezi, mngekuwa upande wa bodi kabla hata ya kumaliza ukurasa. Hofu ya mzazi si ujinga. Watu wale watatu hawakuwa majambazi. Walikuwa majirani waliojitolea jioni zao. Kosa ni kwamba walianza na orodha iliyoandikwa na wengine mahali pengine, wakaamua kwanza na kusoma baadaye, tena wakaamua kwa niaba ya watoto wa kila mtu. Nilipofika hapo niliikumbuka kalamu yangu.

Wanafunzi waende mahakamani?

Januari 1977 wanafunzi watano walifungua kesi dhidi ya bodi. Wanne walikuwa wa sekondari na mmoja wa shule ya kati. Aliyetangulia kwa jina alikuwa Steven Pico. Kwa sababu hawakuwa watu wazima kisheria, kila mmoja alihitaji mtu mzima wa kusimama naye, na ndiyo maana ukilisoma jina la kesi utaona Pico mbili: kijana, na mtu mzima wa jina hilohilo aliyesimama kwa niaba yake.

Kwa wengi wetu jambo hili ni gumu kumeza. Tulikotoka mwanafunzi humwamkia mwalimu akiwa mbali, sembuse kumpeleka bodi mahakamani. Lakini njia ilikuwa imekwishafunguliwa. Desemba 1965, mjini Des Moines, jimbo la Iowa, wanafunzi wachache walivaa vitambaa vyeusi mkononi kuomboleza waliokufa katika vita vya Vietnam, wakafukuzwa mpaka watakapovivua. Mwaka 1969 Mahakama ya Juu iliamua, saba kwa wawili, kwamba mwanafunzi haachi haki yake ya kusema mlangoni mwa shule, mradi asivuruge masomo. Watoto wa Island Trees waliuliza swali la pili: je, ninayo pia haki ya kusoma?

Mahakama ya kwanza ilikubaliana na bodi mwaka 1979. Mahakama ya rufaa ikatengua mwaka 1980. Bodi ikakata rufaa Washington.

Mwezi mmoja wa Juni

Juni 1982 ni mwezi ambao kila mzazi mgeni katika nchi hii angepaswa kuujua. Tarehe 15, katika kesi iliyotoka Texas, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto shule ya umma kwa sababu wazazi wake hawana karatasi za uhamiaji. Wazazi waliofungua kesi hiyo hawakutaja majina yao. Walipokwenda kusikilizwa mjini Tyler mara ya kwanza, jaji alipanga waje saa kumi na mbili asubuhi ili wasionekane, na wengine walikuja na vitu vyao vimeshapakiwa garini, maana hawakujua kama wangerudi nyumbani. Uamuzi huo uliandikwa na Jaji William Brennan.

Tarehe 25 ya mwezi uleule ukatoka uamuzi wa Island Trees. Tena tano kwa wanne, na tena Brennan ndiye aliyeandika maoni ya msingi. Alisema, kwa ufupi, kwamba bodi ina mamlaka makubwa juu ya masomo, lakini haiwezi kuondoa vitabu katika maktaba ya shule kwa sababu tu haipendi fikra zilizomo. Ikiondoa kwa uchafu uliokithiri au kwa kutofaa kielimu, hilo ni jambo jingine. Kwa hiyo kesi irudi chini, ijulikane bodi ilikuwa na nia gani. Ushindi wenyewe ulikuwa mwembamba: jaji wa tano, Byron White, hakukubali maelezo ya Brennan, alitaka tu ukweli usikilizwe kwanza.

Miongoni mwa waliomuunga mkono Brennan alikuwa Thurgood Marshall, na jina hili lina historia kwetu. Januari 1960, akiwa bado wakili wa haki za watu weusi, Marshall alikwenda London katika mkutano wa Lancaster House kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya, akawaandikia rasimu ya sheria ya haki za raia. Mtu aliyeziwazia haki za watoto wa Nairobi na Kisumu ndiye huyo aliyekaa kuamua kama watoto wa Levittown wasome Black Boy.

Mwezi huohuo wa Juni 1982 wilaya ya jirani, yenye jina la Levittown lenyewe, nayo ilipata hukumu, ila hii katika mahakama ya juu ya jimbo la New York. Wilaya hiyo ilikuwa na nyumba nyingi na biashara chache, hivyo kodi yake ilikuwa haba kuliko ya majirani matajiri. Yenyewe na wenzake walikuwa wameshtaki tangu 1974, wakidai si haki elimu ya mtoto ipimwe kwa thamani ya nyumba za mtaa wake. Walishindwa. Mahakama ilisema katiba ya jimbo inadai elimu ya msingi iliyo timamu, haidai usawa wa fedha. Hata hivyo maneno hayo hayakupotea: wazazi wa mji wa New York waliyashika katika kesi yao ya mwaka 1993, na mwaka 2003 wakashinda.

Kilichofuata

Kesi ya vitabu haikufika tena mbele ya hakimu. Mwaka huohuo wa 1982 bodi iliamua kuvirudisha. Wale waliokuwa sekondari mwaka 1977 walikuwa wamekwisha kuhitimu. Walipigania rafu ambazo wao wenyewe hawangezitumia tena.

Wala haki ya wanafunzi haikuendelea kupanda tu. Mwaka 1983 katika sekondari ya Hazelwood East, kitongoji cha St. Louis, mwalimu mkuu aliondoa kurasa mbili za gazeti la wanafunzi. Zilikuwa na habari za wasichana waliopata mimba na za watoto ambao wazazi wao walitalikiana. Mojawapo ya sababu zake ni kwamba mzazi aliyelaumiwa humo hakupewa nafasi ya kujibu. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ilimkubalia, tano kwa watatu. Kitongoji kilekile chenye shule "nzuri", na watoto walioandika yaliyokuwa yakiwatokea majumbani mwao, hayakuchapwa.

Na sisi?

Binti yangu alipopata alama za insha yake nilimwuliza swali ambalo kwa miaka mitatu sikuwahi kumwuliza: "Shule yenu unaionaje?" Nilitegemea jibu letu la neno moja. Akanieleza kwa saa nzima. Kwamba mwalimu wa kemia hurudia somo mara nne bila kukasirika. Kwamba wakati wa chakula kila rangi hukaa meza yake, na yeye hajui akae wapi kwa sababu weusi wenzake humwita Mwafrika na wengine humwita mweusi. Kwamba katika madarasa ya juu ya hesabu wako wawili tu. "Shule ni nzuri, Baba," akamaliza, "ila hakuna anayetuuliza." Hayo yote yalikuwa ndani ya ile nzuri yangu ya barazani, na mimi nilikuwa nikiilipia kila mwezi bila kuijua.

Tulilelewa kumwachia mwalimu. Ukimpeleka mtoto chuoni unamwambia mwalimu nyama yako, mifupa yangu, unarudi nyumbani. Kule ilikuwa heshima. Hapa ukimya huohuo hufasiriwa vingine: mzazi yule hajali, au hayupo. Nafasi unayoiacha hukaliwa na jirani mwenye orodha.

Wapo waliosema. Katika kaunti ya Montgomery, Maryland, wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi walidai waarifiwe kabla ya vitabu fulani vya hadithi vinavyohusu mapenzi ya jinsia moja kusomwa katika shule za msingi, ili wawatoe watoto wao. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu iliwakubalia kwa kura sita dhidi ya tatu, wakati kesi yao ikiendelea. Utawaunga mkono au utawapinga, lakini angalia tofauti: wao waliomba juu ya watoto wao, bodi ya Island Trees iliamua juu ya watoto wa wote. Na angalia kwamba wengi wao, kama sisi, si wenyeji wa zamani wa nchi hii.

Najua wengine mtasema, mimi si raia, sauti yangu ya nini? Katika sehemu nyingi ni kweli kura za bodi ni za raia, ingawa San Francisco wapiga kura waliamua mwaka 2016 kuwaruhusu wazazi wasio raia kuchagua bodi ya shule. Lakini vikao vya bodi viko wazi, na mahali pengi mzazi yeyote hupewa dakika zake za kusema. Kwenye kaunti hiyohiyo ya Montgomery hata wanafunzi huchagua mwenzao akae kwenye bodi.

Mimi nilikwenda. Nilivaa shati la kazi, nikakaa nyuma, na Kiingereza changu kilinitoka vipande vipande. Sikusema jambo kubwa. Niliomba karatasi za ruhusa ziletwe pamoja na kitabu chenyewe, angalau wiki mbili kabla, ili mzazi wa zamu ya usiku apate kukifungua. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka akanitazama, sikujua kama ni kwa ubaya au kwa wema. Nilipotoka binti yangu alikuwa ananingoja kwenye gari. Akaniambia, "Umesema 'two week', Baba. Ni 'weeks'." Kisha akacheka, akaniwashia joto la gari.

Kile kitabu nilichokikataa nimekisoma. Kurasa mbili tatu sikuzipenda, nikamwambia, naye akaniambia zake asizozipenda, ambazo hazikuwa zile zangu. Mwakani mdogo wake anaingia haiskuli hiyohiyo. Nimemwambia karatasi ikija aniwekee mezani, asinipe mkononi nikiwa na viatu.